Kopo Kwenye Droo ya Vifungo

Walirudi kutoka hospitali bila kushikana mikono, na hapo hapo nikajua.

Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, karibu na dirisha linaloangalia geti. Siku zote wale wawili wakiingia, mwanangu humshika mchumba wake kidole kimoja tu, kile cha mwisho, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto. Hakiachi mpaka wafike mlangoni, ndipo anakiachia kwa heshima yangu mimi mama mkwe. Jumamosi ile binti alikuwa mbele hatua nne. Mwanangu alikuja nyuma na bahasha ya hospitali, ameikunja mara mbili kama barua ya madai.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona..."

"Naomba maji, Mama."

Nikampa binti. Hakunywa. Aliishika ile glasi kwa mikono miwili, akabaki amesimama karibu na suti ya harusi niliyoitundika ukutani. Ilikuwa imebaki vifungo tu. Harusi ilikuwa wiki tano mbele.

Mwanangu ni fundi friji, ana miaka ishirini na saba. Mtaa mzima unamwita Bonge tangu anatambaa, na mimi ni Mama Bonge. Jina langu la kuzaliwa ukiniita nalo sigeuki. Huyu binti anafundisha hesabu shule ya msingi, kwa hiyo sisi sote tunamwita Mwalimu, hata Bonge mwenyewe. Walikutana alipokwenda kutengeneza friji la jikoni pale shuleni. Alilitengeneza siku moja, akarudi mara tatu kulikagua.

"Friji zima kabisa, Mama," Mwalimu aliwahi kuniambia huku anacheka mpaka machozi. "Lilikaguliwa kuliko madaftari yangu yote."

Siku ile hakuna aliyecheka.

"Mwambie mama yako," Mwalimu alisema.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mtu wa namba."

"Nataka niisikie kwa mdomo wako."

Bonge akaikunjua karatasi. "Mara ya kwanza ilikuwa mia na tisini, Mama. Leo ni mia na tisini na sita."

"Imepanda?"

"Imepanda. Miezi mitatu nakimbia kama mwizi, imepanda."

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali. Cherehani ikashona peke yake nusu hatua, ikakwama.

Nieleze kidogo. Miezi mitatu nyuma walipimwa afya kazini kwake. Wenzake wakarudi na vyeti, yeye akarudi na onyo: damu yake ina kolesteroli nyingi kupita kiasi, yale mafuta mabaya, na kijana wa umri wake hatakiwi kuwa nayo hivyo. Aliponieleza, alinieleza kifundi. "Friji lina bomba jembamba, Mama. Mafuta yakiganda mle ndani, mashine inanguruma mchana kutwa na ndani hakuna baridi. Siku moja inaungua tu." Daktari alimwambia bado ni kijana, waanze bila dawa: aache vya kukaanga, aache siagi na samli na ngozi ya kuku, ale maharage, mboga, samaki, matunda, uji wa shayiri. Na atembee au akimbie nusu saa, siku tano kwa wiki. Baada ya miezi mitatu apimwe tena.

Mwalimu ndiye aliyemsimamia. Jioni alimpeleka uwanja wa shule, yeye na saa yake, Bonge na raba zake. Siku ya kwanza alizunguka mara mbili akalala chali kwenye nyasi. "Niache hapa hapa," alisema, "harusi mje mfungie hapa." Mwalimu akakaa pembeni yake kwenye nyasi akamfuta jasho kwa leso yake. Niliwaona kwa macho yangu, nilikuwa nimepita kupeleka sare za watoto. Nilisimama nyuma ya ukuta kama kachero, nikawaangalia wanavyoangaliana. Nikasema moyoni, huyu binti hatamwacha mwanangu.

Sasa alikuwa anamwacha, sebuleni kwangu.

"Kazini unakula nini?" alimuuliza.

"Ninachofungiwa hapa. Chakula cha Mama."

"Na vile vibanda vya viazi pale kona?"

"Napita nimeziba pua. Waulize wenyewe, wananiita Bwana Harusi wa Pua."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Unajua nikiogopa nachekesha."

"Daktari amesema ama ni ya ukoo, ama kuna kitu unakula na husemi. Kama ni ya ukoo, nitakuamsha kila siku umeze dawa, nitakuamsha mpaka tuwe vikongwe. Dawa siogopi." Akaweka glasi mezani. "Naogopa uongo."

"Mimi nakudanganya?"

"Niangalie."

Akamwangalia. Mama akikaa na mwanawe miaka ishirini na saba, anadhani ameyaona macho yake yote. Yale sikuwahi kuyaona. Yalikuwa yanamwomba yule binti kama mtu aliye ndani ya maji anavyomwomba aliye ukingoni.

"Nimefundisha miaka minne," Mwalimu alisema. "Mtoto aliyenakili mtihani namjua. Watu wanadhani anaangalia dirishani. Hapana. Macho yake yanakwenda pale alipoficha karatasi."

"Basi yangu yanakwenda wapi?"

"Yananiangalia mimi. Ndiyo maana nachanganyikiwa. Baba yangu naye alikuwa anamwangalia mama hivi hivi."

Mimi habari za baba yake Mwalimu nilikuwa nimesikia nusu tu, kwamba alikufa ghafla.

"Alikuwa na miaka arobaini na moja," Mwalimu alisema, sasa anasema na mimi. "Aliambiwa haya haya, Mama. Nyumbani anakula mboga, anasifia, anatuambia watoto tule kama yeye. Moyo ukasimama akiwa ofisini. Baada ya mazishi tukafua nguo zake. Kila mfuko wa koti ulikuwa na karatasi za nyama ya kukaanga, zimelowa mafuta. Kila mfuko. Mama yangu alikaa chini kando ya beseni akalia upya. Msiba wa kwanza ulikuwa wa kifo, ule wa pili ulikuwa wa uongo. Nilimwahidi sitamletea mkwe wa namna hiyo. Nilimwambia nitaolewa na karatasi safi mkononi."

"Mimi si baba yako," Bonge alisema polepole.

"Basi nieleze hii namba."

"Siwezi! Ningekuwa naweza ningeeleza! Asubuhi uji, mchana maharage, jioni uwanjani. Unataka niseme nimeiba chakula ambacho sijaiba?"

"Usipaze sauti mbele ya mama."

"Basi usiniite muongo mbele ya mama!"

Sindano ya cherehani ilikuwa imekwama kwenye kitambaa, na mimi nilikuwa nimekwama nayo.

Hapa ndipo inanibidi niseme la kwangu, mama mwenzangu unayesoma. Ukilisoma ukajiona, funga kitabu uende jikoni kwako.

Wiki ya tatu ya mazoezi Bonge aliniletea suruali. "Nibanie kiuno, Mama." Nikabana inchi moja, nikafurahi naye. Wiki ya nne akaleta nyingine. Wiki ya sita akaja anashikilia ile aliyovaa kwa mkono, anacheka, "Mama, itaniaibisha barabarani." Nikachukua futi, nikamzungushia kiunoni, nikaisoma namba mara mbili.

Marehemu mume wangu nilimbania suruali mara nne. Ugonjwa wa tumbo ulimla taratibu, na kila mwezi alikuja na suruali na neno lile lile, nibanie kiuno. Mara ya tano hakuja. Nilimzika na suti iliyokuwa inamwelea.

Basi mimi mwili ukipungua sioni afya. Naona jeneza. Na watu hawakunisaidia. Wateja wanakuja kuchukua nguo, "Mama Bonge, kijana anaumwa?" Jirani akanitania eti watanibadilisha jina niwe Mama Fimbo. Halafu akaja shangazi yake, dada wa marehemu, akaketi hapo hapo anapokaa siku zote.

"Wifi, huyu binti anatukaushia mtoto."

"Ni daktari, wifi."

"Daktari anamuona mara moja, yeye anamuona kila siku. Kabla ya harusi amefika hapa, akishaolewa naye si atatuletea mifupa kwenye mfuko? Na hiyo suti utaivalisha nini, mlingoti? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ni mzazi au ni mshonaji wake tu?"

Akanichoma. Suti nilishaikata tangu mwanzo, kwa vipimo vya zamani, kutoka kwenye kitambaa alichokiacha baba yake sandukuni kwa ajili ya siku hiyo. Nilipomjaribisha koti, mabega yalikuwa yanamlegea vile vile kama ya marehemu. Kesho yake nikanunua kopo la samli. Nikalificha kwenye droo ya cherehani, nyuma ya vifungo, mahali ambapo mwanamume hafungui.

Kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi. Viwili kwenye maharage. Nikikoroga vizuri haionekani, nikiweka kitunguu hainukii.

"Mama," alikuwa ananiambia, "siku hizi maharage yako yana maajabu." Na mimi nafurahi! Suruali zikaacha kulegea. Nilimpima kiuno, futi ikasimama pale pale, nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mwembamba na damu yake ikawa nzito. Nilidhani mafuta mabaya ni yale yanayoonekana tumboni.

Haya yote yalikuwa kifuani mwangu, na wao wawili wamesimama wanaumizana kwa kosa langu.

Mwalimu akavua pete ya uchumba. Haikutaka kutoka, akaizungusha mara tatu. Bonge alikuwa anaangalia kile kidole kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua.

"Usifanye hivyo," alisema. "Nipige, lakini usifanye hivyo."

"Nakupenda mpaka naumwa," Mwalimu akajibu. "Ila sitaki kufua makoti yako nikikuta karatasi." Akaja akaiweka pete juu ya meza ya cherehani, mbele yangu, kwa sababu mimi ndiye mzazi.

Ilitua juu kabisa ya droo ile. Na macho yangu, Mungu shahidi, yalikwenda yenyewe. Yaliiacha pete, yakashuka kwenye kishikio cha droo.

Nilipoyainua, Mwalimu alikuwa ananiangalia.

Hakusogea. Aliangalia droo, akaniangalia mimi, akaangalia droo tena. Uso wake ulibadilika taratibu kama mtu anayejumlisha.

"Mama," alisema kwa upole, "una neno la kusema?"

Na mimi, mtu mzima, nywele nyeupe, nikasema, "Sina, mwanangu."

Akainamisha kichwa. "Haya. Kwaheri Mama." Akatoka.

Bonge aliketi kwenye kiti cha shangazi yake. Akajifuta uso kwa bega. "Mama, nipakulie maharage kidogo. Nikipata nguvu nimfuate. Siwezi kumfuata nikiwa hivi, nitaanguka njiani."

Nikaenda jikoni. Nikafunua sufuria. Yalikuwa yamepoa, na juu yake palikuwa na utando wa manjano, umeganda kama nta. Nikachota kijiko, utando ukapasuka vipande. Nikaona lile bomba jembamba alilonieleza. Nikaona na lile beseni la mama yake Mwalimu.

Sikupakua. Nilitoka na sufuria mkononi, nikampita mwanangu, nikafika mlangoni. "Mwalimu!" nikaita. "Mwanangu, rudi!"

Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amesimama nje ya geti, ametupa mgongo, ameshika chuma cha geti kwa nyuma. Alikuwa amenipa muda, kama anavyowapa watoto wa darasani kwake.

Aliingia. Nikaweka sufuria mezani, nikavuta droo, nikasukuma vifungo, nikatoa kopo. Lilikuwa limebaki robo.

"Hakudanganya," nilisema. "Muongo ni mimi."

Bonge aliangalia kopo, akaangalia sufuria. Hakuelewa mara moja. Mtu hawezi kuelewa haraka jambo kama lile.

"Ni samli," akasema. "Unaiweka wapi?"

"Kwenye uji. Kwenye maharage."

"Maharage yangu?"

"Yako."

"Vijiko vingapi?" aliuliza Mwalimu.

"Kimoja asubuhi, mchana viwili. Tangu ile wiki ya sita ilipokwisha."

Mwalimu wa hesabu hakuhitaji karatasi. "Siku arobaini na tisa," alisema. "Vijiko mia na arobaini na saba."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaanza kujitetea, maneno yakitoka bila mpangilio, suruali za marehemu, mara nne, mabega ya koti, shangazi, mlingoti. Bonge alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Angepaza ningepumua.

"Baba alikuwa anaumwa, Mama," alisema. "Mimi nilikuwa napona."

"Sikujua, baba."

"Ungeniuliza. Au ungekuja tukaenda wote kwa daktari." Akasimama, akaenda dirishani, akatupa mgongo. "Kila mahali nakula nimefungua macho. Kazini nanusa, nageuza, nauliza wamepika na nini. Hapa tu ndipo nakula bila kuangalia. Hapa tu, Mama."

Nililia. Siandiki ili nihurumiwe, naandika kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu hakuja kunibembeleza, na sikustahili. Alikwenda dirishani akasimama karibu na mchumba wake. Kisha niliona mkono wake ukitafuta, ukakipata kidole cha mwisho cha mwanangu, ukakishika.

"Nisamehe," alimwambia. "Nimekuita muongo."

"Uliniona kwenye nguo za baba yako."

"Ndiyo."

"Na Mama aliniona kwenye za baba yangu." Akatoa kicheko kidogo kisicho na furaha. "Mimi mwenyewe sijui nani amewahi kuniona."

"Mimi nakuona sasa," Mwalimu alisema. "Umekonda. Umependeza."

Halafu akanigeukia. "Mama, chukua futi."

Sikuelewa.

"Chukua futi, mpime upya. Leo, kama alivyo."

Nikamzungushia mwanangu futi, yeye ameinua mikono na anaangalia ukutani. Kifua, kiuno, bega hadi bega. Mwalimu aliandika nyuma ya ile bahasha ya hospitali. Kisha nikashusha suti, nikachukua wembe, nikaanza kufumua. Miaka thelathini nakata nguo ifuate mtu, ndiyo kazi iliyonilisha. Mwanangu alipokuja na mwili mpya nikataka kumkata yeye afuate nguo.

"Tarehe tunaisogeza," Mwalimu alisema. "Daktari ametaka miezi mitatu mingine, na safari hii namba iwe ya kweli. Shangazi atakasirika."

"Shangazi nitamwambia mimi," nikajibu. "Nitamwambia yote, na kopo nitamwonyesha."

Akachukua pete pale mezani. Nilidhani ataivaa. Akavuta droo, akaiweka nyuma ya vifungo, pale pale kopo lilipokuwa.

"Itakaa humu," alisema. "Wewe ndiye utakayeitunza, Mama. Kila ukifungua uikute hiyo."

Wakatoka kwenda uwanjani, Bonge hakuaga. Kopo nililimwaga nyuma ya nyumba, nikalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, na bado mikono yangu ilikuwa inanuka.

Leo ni siku ya thelathini na sita. Jana ndiyo ingekuwa harusi. Droo naifungua kila siku, mshonaji haishi kutafuta vifungo, na kila siku naikuta pete na moyo unaniruka kama ni mara ya kwanza. Mwalimu huja jioni na saa yake, ananisalimia vizuri, anakoroga sufuria yangu kidogo anapopita, kama anatania. Sijui kama anatania. Daktari bado hajasema neno, na usingizi wangu umekuwa wa kuku.

Asubuhi hii nilimwekea Bonge uji wa shayiri. Maji, shayiri, ndizi ya kuponda, basi. Akaketi. Akachota kijiko, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku, akanusa. Kisha ndipo akala.

"Asante, Mama," akasema.

Kesho nitamwekea tena. Naingoja namba ya daktari, lakini zaidi naingoja asubuhi moja tu mwanangu ale kwangu bila kuangalia.